Lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe: uchambuzi wa kisa cha chumba kimoja Mji Mkongwe

Chumba kinachozungumzwa hapa kiko chini, katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, upande unaotazama bahari. Kuta zake zina unene unaozidi nusu mita: mawe ya matumbawe yaliyolazwa katika mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na juu yake boriti za mikoko. Walioirithi ni ndugu wa baba mmoja, na anayeishi humo ni dada yao mkubwa.

Lipu ya zamani ilikuwa ikipukutika kwa miaka mingi bila mtu kukosa usingizi. Kisha Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib, jengo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ikaporomoka na kuua watu wawili. Familia ikaanza kuzitazama kuta zake kwa jicho jingine. Mwaka uliofuata wakamwita fundi. Akabandua lipu ya chokaa, akapiga lipu ya saruji na mchanga kwa kipimo cha moja kwa nne, akamalizia kwa niru, na ilipokauka ikapakwa rangi ya mafuta. Juu ya mlango, mahali pa ubao wa zamani uliokuwa umeliwa na mchwa, akamwaga linta ya zege yenye nondo. Kazi ilikuwa safi kweli. Ukuta uling'aa, ukiupiga ngumi unaumia wewe.

Haikupita misimu miwili ya masika ukuta ukaanza kuvimba.

Nilisomea kemia, na siku hizi nafanya kazi na mafundi wa majengo ya kale, kwa hiyo niliitwa kama mtu wa tatu, baada ya fundi na muuza rangi. Nilikuta mambo matatu tofauti katika chumba kimoja. Ukuta wa upande wa bahari ulikuwa na malengelenge kuanzia usawa wa goti hadi kifuani; ukigonga, sauti inajibu utupu. Kipande kilichokwisha kuanguka kilikuwa kizima, kigumu vilevile kama siku ya kwanza, lakini nyuma yake jiwe la matumbawe lilikuwa limegeuka chengachenga na unga mweupe. Ukuta wa ndani, unaopakana na mahali palipokuwa na choo cha zamani, haukuwa na unga wala malengelenge: ulikuwa na baka jeusi la unyevu lisilokauka kiangazi wala kipupwe. Na linta ilikuwa na ufa mmoja mrefu, ukifuata nondo, wenye mchirizi wa kutu.

Maelezo yaliyokuwapo tayari yalikuwa haya. Fundi alisema saruji ilikuwa chache, turudie kwa moja kwa tatu na dawa ya kuzuia maji. Muuza rangi alisema tatizo ni rangi, ipo nyingine ya mpira isiyopitisha kitu. Mmoja wa ndugu aliamini kuna bomba linalovuja. Bomba lilikaguliwa, halivuji. Hayo mengine mawili ndiyo yaliyonifanya niandike uchambuzi huu, kwa sababu yote yanaelekea njia moja, kuuziba ukuta zaidi, na njia hiyo ndiyo iliyouharibu.

Chokaa inavyorudi kuwa jiwe

Jiwe la matumbawe, kikemia, karibu lote ni kalisiamu kaboneti, CaCO3. Likipashwa moto hadi nyuzi 900 za Selsiasi hivi, linaachia hewa ya ukaa na kubaki kalisiamu oksaidi, ile tunayoiita chokaa hai. Kila kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 za chokaa hai. Kilo 44 zimepaa. Ndiyo maana jiwe linalotoka kwenye tanuu ni jepesi mkononi ingawa umbo lake halikubadilika sana. Limwagie maji, nalo linayanywa kwa pupa, linatokota, linapasuka na kuwa unga. Kilo 56 hushika kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za kalisiamu haidroksaidi, na joto linalotoka hapo linatosha kuchemsha maji yaliyozidi. Kazi hii haifanywi na mtu aliyeinamisha uso: chokaa ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na la kwanza ni kuosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Chokaa hiyo ikichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, huanza kuirudisha hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni. Inaivuta kutoka hewani, ambako hakuna zaidi ya asilimia 0.04 hivi, kwa hiyo haina haraka: milimita chache kwa mwezi, ikianzia usoni kwenda ndani. Na inahitaji unyevu kidogo, kwa sababu hewa hiyo hulazimika kwanza kuyeyuka katika maji ndipo ikutane na chokaa. Lipu ikikaushwa na jua la kaskazi siku ile ile, inabaki unga usioshikana. Ikiwa imelowa chepechepe, hewa haipiti, nayo inabaki laini. Mambo yakienda sawa, zile kilo 74 huishia kuwa kilo 100 tena, kaboneti ile ile ya mwanzo. Hata hivyo fuwele zake si zile zile: matumbawe hujenga kwa aragonaiti, na chokaa ya ukutani hurudi kama kalsaiti.

Kwa fundi, matokeo ya kemia hii ni lipu laini kiasi, yenye vinyweleo vingi na vipana. Maji yanaingia, maji yanatoka. Na kwa kuwa mawe, kiungo kilicho katikati ya mawe hayo, na lipu iliyo juu yake ni vitu vya ukoo mmoja, vinapanuka na kusinyaa karibu sawasawa.

Saruji ina njia nyingine. Jiwe la chokaa na udongo huchomwa pamoja hadi nyuzi 1450 hivi, na kinachopatikana kikisagwa hushikana kwa maji, bila kusubiri hewa. Silikati za kalisiamu zikikutana na maji hutengeneza utando mzito uliofumana, wenye vinyweleo vidogo mno. Ndio unaoipa zege nguvu zake. Joseph Aspdin wa Uingereza aliandikisha haki ya ugunduzi wa saruji ya Portland mwaka 1824, lakini huku kwetu saruji ya kiwandani ilikuja kuwa kitu cha kila mtaa baadaye sana: kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Fundi aliyezaliwa baada ya hapo amefundishwa kupima ubora wa lipu kwa ugumu wake. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji kipimo hicho kinamfaa. Simlaumu.

Kilichomo ndani ya ukuta

Swali la kwanza lilikuwa maji yanatoka wapi. Nyumba za zamani hazina utando wa kuzuia maji kwenye msingi, na huku ufukweni maji ya ardhini hayako mbali. Matumbawe yana vinyweleo, maji yanapanda yenyewe ndani yake, na mahali yanapoishia kupanda ni pale yanapokauka kwa kasi sawa na yanavyonyonywa. Hapo ni kifuani, penye mpaka wa malengelenge. Hili halikuwa jipya. Ukuta ule umekuwa ukinyonya maji tangu ulipojengwa.

Swali la pili ni maji hayo yamebeba nini. Nilikwangua unga mweupe wa nyuma ya lipu, nikauloweka katika maji yaliyosafishwa, nikachuja. Tone la nitrati ya fedha likayafanya maji kuwa meupe mazito mara moja, jambo linaloonyesha kloridi. Kipande cha waya kilichochovywa humo na kupelekwa motoni kikatoa mwako wa njano kali ya sodiamu. Chumvi ya kawaida, basi, ile ya jikoni.

Kisha nikapima lipu ya saruji yenyewe, lakini kutoka karibu na dari, ambako maji ya ardhini hayafiki. Nayo ilikuwa na kloridi. Kwa bahati, nyuma ya kabati la ukutani kilikuwa kimesalia kipande cha lipu ya zamani katika usawa uleule. Hicho kilitia maji wingu jepesi tu. Tofauti hiyo ilitosha kusema kwamba sehemu ya chumvi haikupanda kutoka ardhini. Ililetwa na mchanga. Mchanga wa pwani usiooshwa umebeba chumvi ya bahari, na lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Dada mkubwa alipoulizwa alikumbuka kwamba mchanga ulikuwa mweupe, wenye vipande vya simbi. Basi.

Hapa niseme neno kuhusu kipimo cha siki, maana mafundi wengi wanakitumia kutofautisha chokaa na saruji: kipande kinachotokota na kuyeyuka ni chokaa, kinachobakiza tope la kijivu ni saruji. Kwenye bara kinafanya kazi vizuri. Pwani kinadanganya, kwa sababu mchanga wenyewe ni maganda na matumbawe yaliyosagika, nao ni kaboneti. Utatokota hata kama umefungwa na saruji safi. Angalia rangi ya kinachobaki, usiangalie povu.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji maabara. Ni bizari ya manjano iliyolowekwa katika spiriti. Rangi yake, kurkumini, hubaki njano kwenye kitu kisicho na ukali wa alkali na hugeuka nyekundu ya hudhurungi panapokuwa na alkali kali. Wala tambuu halivunji kanuni hiyo: chokaa ndiyo inayoamsha wekundu wa popoo na katu mdomoni. Nilivunja kipande cha lipu na kupaka manjano kwenye sehemu iliyovunjika. Ngozi ya nje, iliyokwisha kula hewa ya ukaa, ilibaki na rangi yake. Ndani pakawa pekundu. Kiungo cha zamani kati ya mawe hakikugeuka hata kidogo. Chokaa ya babu zao ilikwisha kurudi kuwa jiwe zamani sana.

Kwa nini lipu ngumu ilibomoa ukuta

Chumvi ikiwa imeyeyuka haina madhara makubwa. Inaanza kudhuru inapoganda. Chumvi ya kawaida ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, fuwele zake hujivutia maji na kuyeyuka zenyewe, ukishuka chini ya hapo, zinarudi kuwa fuwele. Kila aliyeacha kopo la chumvi wazi wakati wa masika ameuona upande mmoja wa jambo hili. Hewa ya Unguja huvuka mpaka huo mara nyingi, huku au kule: alfajiri iko juu yake, alasiri yenye upepo iko chini. Ina maana ndani ya ukuta chumvi inaganda na kuyeyuka tena na tena, na kila inapoganda fuwele zinakua ndani ya vinyweleo na kusukuma pande zote. Mawe dhaifu hayawezi kuuhimili msukumo huo.

Sasa ni wapi zinaganda? Zinaganda pale maji yanapogeuka mvuke. Kwenye lipu ya chokaa, maji hufika hadi usoni au karibu yake kabla ya kukauka. Chumvi inajikusanya kwenye lipu, lipu inamomonyoka, unga unaanguka sakafuni. Jiwe liko salama nyuma. Lipu ya saruji yenye niru na rangi ya mafuta haipitishi maji kwa kasi hiyo, kwa hiyo mahali pa kukaukia pakarudi nyuma: kwenye mpaka wa lipu na jiwe, na ndani ya jiwe lenyewe. Chumvi ikaganda huko. Na katika kusukumana kati ya saruji ngumu na kiungo laini cha chokaa na udongo, anayeshindwa ni mnyonge. Ndiyo sababu kipande kilianguka kizima kikiwa kimebeba uso wa ukuta mgongoni.

Saruji ilikuwa na mchango mwingine mdogo. Yenyewe ina alkali za sodiamu na potasiamu zinazoyeyuka, na zikichanganyika na maji ya ukutani zinaongeza orodha ya chumvi. Kwenye ukuta mkavu jambo hili halimshtui mtu. Kwenye ukuta unaonyonya maji mwaka mzima linahesabika.

Mtu akiongeza saruji iwe moja kwa tatu, kama fundi alivyopendekeza, anapata lipu ngumu zaidi na iliyoziba zaidi. Itachelewa kuvimba, huenda kwa miaka kadhaa, na muda wote huo maji yasiyopata pa kutokea yatapanda juu zaidi kutafuta pa kukaukia. Nimeuona mchezo huu kwenye nyumba nyingine: unaziba hadi kifuani, unyevu unatokea juu ya kichwa.

Nilipomweleza dada mkubwa haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, sasa hii unayonambia turudishe, si ndiyo ile ile iliyokuwa ikipukutika?"

Ndiyo hiyo hiyo, Bi mkubwa. Ilikuwa ikipukutika kwa sababu ilikuwa kazini. Chumvi lazima ile kitu. Lipu ya chokaa huliwa yenyewe, na kubadilishwa ni rahisi. Ukuta haubadilishwi. Hakuridhika papo hapo, na sioni ajabu. Ni vigumu kumwambia mtu alipie kitu ambacho kazi yake ni kuharibika.

Ukuta wa choo

Ukuta wa pili ulinisumbua zaidi, na naukiri kuwa sehemu ya kisa hiki inayonivutia kuliko zote. Kama maji ni yale yale na lipu ni ile ile, mbona huku hakuna unga? Mbona hakukauki hata Januari?

Dalili ilikuwa jirani: shimo la choo la zamani, lililofukiwa siku nyingi. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni, na bakteria wa udongoni huigeuza kuwa nitrati. Nitrati ikikutana na kalisiamu ya chokaa, panapatikana nitrati ya kalisiamu. Niliazima vifaa vya maabara ya shule kwa kipimo ambacho kila aliyesoma kemia ya sekondari anakikumbuka, pete ya kahawia: maji ya sampuli, salfeti ya feri, na asidi ya salfuriki iliyokolea inayoteremshwa taratibu pembezoni mwa bomba la kioo. Pete ilitokea, nene.

Nitrati ya kalisiamu huanza kujivutia maji kwenye unyevu wa asilimia 50 hivi. Hewa ya pwani yetu ni nadra sana kushuka hadi hapo. Kwa hiyo chumvi hii, tofauti na ya bahari, haipati nafasi ya kuganda. Inakaa ukutani ikiwa maji siku zote, na itaendelea kuyateka kutoka hewani hata kama maji ya ardhini yakikatwa kabisa. Haibomoi jiwe kama ile nyingine, kwa kuwa hakuna fuwele za kusukuma. Inachofanya ni kuweka baka, ukungu na harufu. Ukuta mmoja unabomoka kwa sababu unakauka, mwingine hauharibiki sana kwa sababu haukauki. Ukiwapa wote dawa moja utakuwa umekosea mmojawapo.

Linta

Hii ni fupi. Nondo ndani ya zege zuri haipati kutu kwa sababu alkali ya saruji, yenye pH inayozidi 12, inaivika utando mwembamba wa oksaidi unaoilinda. Kloridi huutoboa utando huo. Zege la linta lilikuwa la mchanga ule ule wa ufukweni, kwa hiyo nondo ilizikwa pamoja na adui yake tangu siku ya kwanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, mara mbili au zaidi, na zege halivumilii kuvutwa. Likapasuka. Hakuna rangi wala dawa ya kuponya hilo. Linta ilitolewa na kuwekwa ubao wa mvule uliotiwa dawa ya mchwa. Waliojenga zamani waliweka ubao hapo hapo.

Kilichofanywa

Hatukubandua saruji yote. Juu ya kifua, kwenye pembe za ndani, ilikuwa imeshikana na jiwe kiasi kwamba kuing'oa kungeondoka na vipande vya ukuta, na huko hakuna maji yanayopanda. Iliachwa, isipokuwa rangi ya mafuta ilikwanguliwa. Mwenzangu mmoja wa kazi hakukubaliana nami katika hili, na huenda miaka ijayo atakuwa na la kunionyesha.

Sehemu ya chini ya ukuta wa bahari ilibanduliwa, ikapigwa brashi kavu, na unga ukafagiliwa na kutolewa nje ya nyumba, maana ukiachwa sakafuni chumvi inarudi ilikotoka. Kisha tukakandika. Kandiko ni karatasi zilizolowekwa hadi zikawa uji, mchanga ulioshwa na udongo mweupe kidogo, vyote kwa maji yasiyo na chumvi. Linabandikwa ukutani likiwa bichi, linaachwa likauke lenyewe. Maji yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi, kisha yanarudi nayo kwenye kandiko yanapokauka. Linabanduliwa na kutupwa, linawekwa jingine. Kila moja nililipima kwa nitrati ya fedha, na wingu liliendelea kupungua bila kuisha. Haliishi. Ukuta wa nusu mita hausafishwi mpaka kiini. Unasafishwa uso wake, ili lipu mpya ipate muda wa kushika kabla ya kuanza kuliwa.

Kuhusu chokaa yenyewe, tahadhari kwa anayekwenda kununua. Sehemu ya unga unaouzwa mifukoni kwa jina la chokaa ni jiwe lililosagwa tu, la kupakia rangi, halijawahi kuona moto. Au ni chokaa halisi iliyokaa dukani mfuko ukiwa wazi mpaka ikarudi kuwa kaboneti. Vyote viwili haviwezi kushika mchanga. Chota kijiko, tia siki. Unga wa chokaa ambao bado unafaa unayeyuka kimya. Iliyokufa inatoa povu. Sisi tuliagiza chokaa ya tanuu kutoka shamba, iliyochomwa kwa mawe ya nchi kavu na si ya bahari, tukaizima na kuihifadhi ikiwa imefunikwa na maji. Chini ya maji hewa ya ukaa haiifikii, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Chokaa ya tanuu nayo ina deni lake: sehemu kubwa ya hewa inayotoka kwenye jiwe itarudi ukutani, lakini kuni zilizochomwa hazirudi, na miti ya Unguja si mingi kiasi cha kuchezewa.

Lipu ilipigwa kwa chokaa moja na mchanga tatu, mchanga wa shimo uliooshwa, mikono mitatu myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa, magunia mabichi yakining'inizwa mbele yake. Kwa sehemu ya chini kabisa, ambako unyevu ni mwingi mno kwa chokaa kupata hewa, tuliongeza unga wa matofali ya kuchoma. Udongo uliochomwa una silika na alumina zinazoweza kuungana na chokaa ndani ya maji, bila kusubiri hewa. Warumi walitumia majivu ya volkano ya karibu na Napoli kwa sababu hiyo hiyo. Kiasi kilikuwa kidogo, kwa kuwa nia haikuwa kurudi kwenye ugumu tulioukimbia.

Ukuta wa choo haukupigwa lipu kabisa. Saruji ilitolewa, mawe yakaachwa wazi, tundu la hewa lililozibwa zamani likafunguliwa, na kabati likasogezwa lisiugemee. Baka lipo. Ukungu umepungua. Familia imekubali kwamba chumba kina ukuta mmoja usiopendeza, isipokuwa kaka mdogo, anayetaka pawekwe gipsam mbele yake pafichike. Nimemwomba asifanye hivyo, kwa kuwa gipsam nayo hunyonya maji.

Kilichobaki ni rangi. Ukuta wa bahari ulitakiwa kupakwa chokaa ya maji, nyembamba, mara kadhaa. Fundi yule yule wa kwanza ndiye aliyeifanya kazi hii, na niliona akinyoosha mkono kutia konzi ya chumvi kwenye ndoo. Wengi hufanya hivyo, na wana sababu nzuri: chumvi huteka unyevu, chokaa haikauki mapema, inapata muda wa kula hewa ya ukaa, na haiachi unga kwenye nguo za mtu anayeegemea. Kwenye ukuta wa matofali mapya ningemwacha. Huku tulipaka bila chumvi, tukalowanisha ukuta asubuhi na jioni badala yake, na Bi mkubwa akaambiwa kwamba unga utakaoanguka katika mwezi mmoja baada ya kupaka ni chokaa, ila utakaoanguka baada ya masika ni chumvi, afagie na kuumwaga nje.